Mwalimu Aliyebaki Dukani

Ukitaja mwalimu wa Kijaini, yaani wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, wengi humfikiria mtawa wa mavazi meupe, anayekwenda kwa miguu mji hadi mji, kitambaa mdomoni asije akadhuru hata mdudu. Nawaheshimu sana watawa hao. Lakini aliyenigusa mimi ni mfanyabiashara wa lulu na almasi: Shrimad Rajchandra, mzaliwa wa Gujarat, 1867, aliyekuwa na mke, watoto na mizani ya vito mjini Mumbai.

Kijana huyo alikuwa na kipaji cha ajabu. Mwaka 1887, hajafikisha hata miaka 20, alisimama mbele ya hadhira Mumbai akafuatilia mambo 100 kwa wakati mmoja, kisha akayarudia kwa kumbukumbu tu. Magazeti yakamsifu. Halafu akaacha! Aliona sifa zile zinamfunga. Hapo ndipo ninaposimama kila nikimsoma, kwa sababu kuacha kitu kibaya tunakujua. Kuacha kitu kinachokuletea makofi ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1896, huko Nadiad, aliandika kwa Kigujarati beti 142 ziitwazo Atmasiddhi. Msingi wake ni mambo sita: nafsi ipo, ni ya milele, hutenda, huvuna ilichotenda, inaweza kukombolewa, na njia ya ukombozi ipo. Mapema kabisa anawaonya watu wa aina mbili: anayeshika ibada za nje huku moyo umelala, na anayezungumzia ukombozi kwa ufasaha ilhali tamaa zimemtawala. Nakiri, onyo la pili ni langu.

Gandhi alikutana naye 1891, siku ileile aliyoteremka melini kutoka Uingereza. Alishangaa kuona kwamba biashara nzito ikishamalizika tu, Rajchandra anafungua daftari lake la mambo ya roho. Kwangu mimi huo ndio uhuru wa ndani: mali inapita mikononi, moyo haushikwi.

Hata hivyo Gandhi aliandika waziwazi kwamba hakuweza kumfanya guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho. Kiti hicho moyoni mwake kilibaki kitupu. Lakini 1894, akiwa Afrika Kusini, rafiki zake Wakristo wakimvuta huku na shaka ikimvuta kule, barua ya maswali aliipeleka Mumbai, kwa yule muuza lulu. Naye akamjibu.