Mnyonge gani huyo mwenye gari?

Kila linapozuka suala la kuwatoza madereva wanaoingia Mji Mkongwe wa Unguja, jawabu la barazani ni lile lile: wanataka kumkamua mnyonge. Nami huuliza, mnyonge gani huyo anayeendesha gari peke yake mpaka Forodhani?

Simama Michenzani asubuhi, wakati wa skuli na kazi. Daladala imekwama, watu wamebanana, mtoto kapakatwa na mtu asiyemjua, konda anapiga bati kama kwamba kelele zitafungua njia. Mbele yake magari madogo manne, kila moja na mtu mmoja ndani, vioo juu, kipupwe kinavuma. Manne hayo yamekalia njia kuliko daladala nzima, na yamebeba watu wanne. Anayelipia foleni hiyo ni nani? Ni yule wa kwenye benchi. Konda akipoteza raundi moja kwa siku, kuna abiria wa gari nzima waliobaki wanasubiri Mwanakwerekwe, na jioni tajiri mwenye daladala haulizi habari za foleni, anataka hesabu yake. Tozo ipo zamani, ila halipwi mwenye njia na halipi mwenye gari.

Na watu wanazidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 Mjini Magharibi. Ya 2022 ikakuta 893,169. Vichochoro vya Kiponda, humo Mji Mkongwe, havijaongezeka hata shubiri. (Kuta za chokaa zilizokwaruzwa na vioo vya magari, hizo nazo zina hesabu yake.)

Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, na mwanzoni gari yenye watu wanne au zaidi ilipita bure. Hapo ndipo wengi hawajapaelewa: kinachotozwa ni viti vitupu. Ukimpakia jirani yako wa Kwarara na wenzake wawili, umeshapita. Stockholm walifanya majaribio mwaka 2006. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa kiasi cha moja ya tano. Watu waliokuwa wakipinga kabla ya majaribio walipoitwa kwenye kura ya maoni Septemba mwaka huo huo, wengi wa wapiga kura wa jiji wakasema tozo ibaki.

Wanaopinga wana neno lao zito, nalo si la mnyonge. London ilipoanza tozo yake ya pauni 5, Februari 2003, iliongeza mabasi kiasi cha 300. Sisi tutaongeza nini? Muuguzi anayetoka zamu ya usiku Mnazi Mmoja, daladala ataipata wapi saa hizo? Mgonjwa je? Mfanyabiashara wa Darajani naye anahofia mteja atageuzia njiani, ingawa wateja wake wengi nawaona wakishuka daladala na vikapu mkononi. Halafu lipo lile swali ambalo kila mtu huliuliza kwa sauti ya chini: pesa zitaingia mfuko gani?

Haya yote yanajibika kwa mpangilio. Daladala za usiku za Fuoni na Bububu zitangulie, wagonjwa na wakaazi wapewe nafuu, mapato yabandikwe ukutani kila mwezi, kisha tujaribu miezi saba kama Stockholm. Wa kuulizwa kwanza baada ya hapo awe yule konda: siku hizi unakwenda raundi ngapi?