Frank Johnson wa Alabama na kinga ya jaji wa shirikisho

Mwaka 1955 Rais Eisenhower alimteua Frank M. Johnson kuwa jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho huko Montgomery, Alabama. Mahakama za ngazi hiyo ndizo zinazosikiliza mashahidi na kupokea vielelezo. Za rufaa hutegemea kumbukumbu zake. Katiba ya Marekani humlinda jaji huyo kwa njia mbili: hana ukomo wa muda maadamu ana mwenendo mwema, na mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Kumwondoa ni mpaka Baraza la Wawakilishi limshtaki na theluthi mbili ya Seneti imtie hatiani. Je, mtu asiyepigiwa kura anastahili kinga kubwa hivyo?

Wanaoitetea wanaanzia mabasini. Juni 1956, katika jopo la majaji watatu, Johnson na Richard Rives walibatilisha ubaguzi wa rangi kwenye mabasi ya Montgomery; wa tatu alipinga. Machi 1965 Johnson aliwazuia kwanza waandamanaji wa Selma, waliotaka kutembea hadi Montgomery kudai haki ya Weusi kupiga kura, hadi asikilize ushahidi, kisha tarehe 17 akawaruhusu, akisema haki ya kuandamana ilingane na ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa. Aliweka sharti pia: barabara inapobaki na njia mbili, wasizidi watu 300. Mwaka 1967 nyumba ya mama yake ililipuliwa kwa bomu. Majaji wa jimbo la Alabama huchaguliwa kwa kura, na wakati huo Weusi wengi walinyimwa hata kujiandikisha. Jaji wa kura mwenye msimamo huo asingedumu. Hoja hii sioni pa kuivunjia.

Ugumu unaanzia hospitalini. Kesi ya Wyatt dhidi ya Stickney ilifunguliwa mwaka 1970 kuhusu Bryce, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Tuscaloosa, iliyokuwa na wagonjwa wapatao 5,000. Machi 1971 Johnson aliamua kwamba aliyelazwa kwa lazima ana haki ya kutibiwa, akaipa serikali ya jimbo miezi sita iweke viwango. Ikashindwa. Baada ya kusikiliza wataalamu, Aprili 1972 akaviweka mwenyewe: chumba kisizidi wagonjwa sita, choo kimoja kwa wanane, bafu moja kwa 15, na idadi ya watumishi kwa kila wagonjwa 250.

Wakosoaji husema hapo jaji alishika kalamu ya bajeti. Mbele yake wapo wadaawa tu, yaani pande mbili za kesi. Shule na barabara zinazogombea fedha zilezile hazina wakili mahakamani humo. Na amri inayohesabu watumishi kwa idadi ya wagonjwa hutiiwa kwa urahisi zaidi kwa kuwatoa wagonjwa, hata kama nje hakuna kliniki ya kuwapokea. Kesi ilifungwa mwaka 2003. Johnson alikuwa amehamia mahakama ya rufaa tangu 1979, na alifariki mwaka 1999.

Lakini serikali ilipewa nafasi ya kwanza, na lawama ya kuiacha ipite ni yake. Kwangu kasoro haimo katika kinga ya jaji, imo katika amri isiyosema nani atapima utekelezaji, kwa kigezo gani, na usimamizi utakoma lini. Kwa magereza, Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1996: miaka miwili baada ya amri, serikali inaweza kuomba ifutwe, na mahakama huibakiza ikithibitisha kwamba haki bado zinavunjwa. Hospitali kama Bryce hazimo katika sheria hiyo.