Nidhamu Haipiki Uji

Msimu wa marathoni ukikaribia, simu zetu hujaa ratiba. Mtu anarusha kwenye kundi la WhatsApp jedwali la wiki 16: Jumatatu pumzika, Jumanne kilomita nane, Jumatano kumi, Alhamisi mbio za kasi, Jumapili thelathini. Chini ya jedwali kuna maneno ya kutia moyo, na wimbo ni ule ule: nidhamu, nidhamu, nidhamu. Kila mtu ana saa 24, wanasema. Ukikosa muda, basi hujaamua.

Mimi nimeshaamua zamani. Nakimbia, nafundisha sekondari, nina watoto watatu, na nyumbani kwangu ni Mwanga, hapa Kigoma. Nami nasema hivi: mtu mwenye familia anayeshindwa kufuata lile jedwali mara nyingi nidhamu anayo, ila hana wa kumshikia anachokiacha. Saa ya kukimbia hutolewa na mtu mwingine, mtu mwenye jina lake, ambaye wakati wewe uko barabarani anafanya kazi ambayo ungekuwa unaifanya wewe. Jedwali halina mahali pa kumwandika huyo.

Tupige hesabu. Marathoni kamili ni kilomita 42.195. Anayejiandaa nayo vizuri, wiki zile nzito hufikisha kilomita 50 hadi 60. Tuseme ni mkimbiaji wa kawaida kama sisi, wa dakika saba kwa kilomita. Kilomita 60 ni dakika 420, yaani saa saba. Hapo hujafunga kamba za viatu, hujaoga, wala hujajilaza Jumapili mchana kwa sababu miguu imegoma. Ile mbio moja ndefu ya kilomita 30 peke yake inakula saa tatu na nusu. Sasa nenda kwenye nyumba yenye watoto wadogo uone saa tatu na nusu za Jumapili asubuhi zina nini ndani yake: uji, kuogesha, kufua sare za shule, kuchota maji kama bomba limekauka, kuwahi soko la Mwanga kabla dagaa wazuri hawajaisha, na kuamua kesi ya nani kachukua penseli ya nani. Kazi hizi hazina likizo eti mama kaenda kukimbia. Kuna mtu anazifanya.

Halafu kuna suala la jua, ambalo wanaotutumia ratiba kutoka Dar na Moshi hawalifikirii kabisa. Nchi nzima tunafuata majira ya saa yale yale, lakini Kigoma tuko magharibi mwisho, na jua linatufikia zaidi ya nusu saa baada ya kuifikia Dar es Salaam. Hapa linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ratiba ikisema uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri, kwetu huo ni usiku mtupu, na hata saa kumi na mbili kiza bado kipo. Shule nazo na ofisi zinafunguliwa kwa saa zile zile za Dar. Kwa hiyo asubuhi yetu ya siku ya kazi haina mwanga wa kukimbilia. Mwanamke anayeteremka peke yake gizani kutoka Mwanga kuelekea stesheni hawazii mwendo wake kwa kilomita. Anawaza mbwa, anawaza bodaboda isiyo na taa, anawaza wanaume wanaorudi kutoka wanakokujua wenyewe. Kumhubiria nidhamu mtu huyo ni kutojua anaishi wapi.

Tunachopunjwa asubuhi tunarudishiwa jioni. Wenzetu wa Dar wakiwa wameshawasha taa, sisi bado tunaliona jua juu ya ziwa, linakwenda kuzama upande wa Kongo karibu saa moja. Joto limevunjika, upepo unapanda kutoka majini, barabara ya Ujiji imejaa watu, huogopi. Ndiyo saa nzuri kuliko zote ya kukimbia Kigoma, wala sioni mkoa wa kutushinda kwa hilo. Ila ndiyo saa ya jiko pia. Hapo habari ya mbio inageuka kuwa habari ya nani anasonga ugali.

Nyumbani kwetu ilikwenda hivi. Baba Zuhura, ambaye kazi yake ni bandarini, alisema mbele ya wote kwamba jioni za mazoezi atapika yeye. Nikamshukuru, nikavaa raba. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa kakaa kwenye mkeka anachambua dagaa.

"Mama Zuhura," akaniita, "mume wako asonge ugali, wewe ukacheze barabarani?"

"Si kucheza, mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi! Mimi nimebeba mawese kichwani kutoka shambani mpaka soko la Ujiji na mtoto mgongoni. Mbona hakuna aliyenivisha medali?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Nilikwenda kukimbia. Ugali wa muhogo una mambo yake: unga ukiingia maji yakiwa hayajachemka sawasawa, au mkono ukilegea katikati, unavutika kama gundi na kushika mwiko, na katikati unabaki mbichi. Baba Zuhura alipambana. Mtoto wa pili ndiye aliyenisimulia niliporudi, huku akiigiza: baba katoa macho, sufuria linazunguka juu ya mafiga, bibi kanyamaza, bibi kakohoa, mwisho bibi kasimama, kampokonya mwiko. Na ikawa hivyo jioni zilizofuata. Mtaani sifa zilimwendea mume wangu, mwanaume wa kisasa anayemruhusu mkewe kukimbia. Jikoni alikuwa mama mkwe, mwanamke aliyepita miaka sitini, mwenye magoti yanayouma.

Hili ndilo linaloniudhi katika hadithi nyingi za "familia yangu iliniunga mkono". Uliza aliyekuunga mkono ni nani hasa, na alikuwa ameinama wapi. Mara nyingi msaada wa mume unashuka taratibu mpaka unatua kwa mwanamke mwingine: mama mkwe, dada wa kazi, au binti mkubwa anayeacha daftari lake ili ambebe mdogo wake. Wanaume wanaokimbia nao hawaulizwi kabisa. Mwanaume akitoka Jumapili alfajiri na kurudi saa nne ametota jasho, tunamwita mpambanaji. Mkewe aliyepika, akafua, akampeleka mtoto zahanati, hatumwiti kitu.

Tulikaa, tukagawana upya. Baba Zuhura anapika wali, maana wali anauweza, na jioni hizo hatuli ugali, anayetaka ugali asubiri kesho. Kuogesha watoto na kusimamia kazi za shule ni juu yake. Bibi anakaa kwenye mkeka wake. Nami Jumamosi jioni nakaa na watoto, yeye anakwenda kuangalia mpira wake bila kupigiwa simu.

Najua nitajibiwa kwamba mbona wapo akina mama mabingwa. Wapo. Peres Jepchirchir wa Kenya ni mama, na amechukua dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mwaka 2021, New York mwaka huo huo, Boston 2022, na ubingwa wa dunia kule Tokyo Septemba 2025. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007 na Novemba akashinda New York. Nawavulia kofia. Lakini kwao kukimbia ndiyo kazi. Akimaliza kilomita 30 asubuhi, ameshatimiza wajibu wake wa siku. Mimi nikimaliza za kwangu, ndiyo kwanza siku inaanza.

Hata mashujaa wetu wenyewe hawakukimbia peke yao. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, pale Tokyo alipolingana muda wa 2:09:48 na Mjerumani Amanal Petros wakatenganishwa na picha ya mstari wa mwisho, naye ni mwanajeshi. Jeshi liliwapa nafasi ya kufanya mazoezi. Bila kuwapunguzia sifa hata chembe, nasema tu kwamba nyuma ya miguu yao kulikuwa na taasisi. Nyuma ya miguu yangu kuna wali wa Baba Zuhura.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao kwenye klabu yetu ya jogingi umenipatia maadui wawili watatu: mwenye watoto wadogo aachane na 42 kwa sasa, akimbie nusu, kilomita 21.1. Sisemi hivyo kwa woga. Mwili una akiba yake ya wanga, na kwa wengi akiba hiyo hukaribia kwisha mahali fulani kwenye kilomita ya 30. Ndiyo maana marathoni kamili inadai zile Jumapili ndefu, ili mwili uzoee kuchoma mafuta na miguu izoee kuteseka. Nusu haifiki huko. Mbio tatu kwa wiki zinatosha kuimaliza ukiwa unacheka: moja ndefu ya taratibu, ukiiongeza kidogo kidogo mpaka 16 au 18, moja yenye kasi kidogo, na moja ya kujinyoosha tu. Jumla ni saa tatu na nusu au nne kwa wiki nzima, na ile ya kasi unaweza kuikamilisha kwenye mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga bila kutafuta uwanja. Panda, shuka, panda, shuka. Kigoma haina uhaba wa milima.

Kwa aliyejifungua karibuni, subira zaidi. Wataalamu wengi wa viungo hushauri walau miezi mitatu kabla ya kuanza kukimbia, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu misuli ya nyonga iliyobeba mimba hairudi kwa siku arobaini. Tembea kwanza. Na mtoto akichemka usiku, hapa kwetu jambo la kwanza ni kumpima malaria, siyo kufikiria ratiba. Wiki hiyo imekwenda. Usijaribu kuilipa wiki inayofuata kwa kukimbia mara mbili. Ndiyo njia ya mkato ya kwenda kuumia goti.

Mbio za kwetu zina vituo pia. Ukipita Ujiji huwezi kumpita mzee ukiwa umekodoa macho mbele kama hujamwona. Unapunguza mwendo, unatoa shikamoo, naye ana maswali: za nyumbani, watoto, mzee hajambo, na unamkimbia nani. Saa ya mkononi inahesabu tu. Kijana mmoja wa klabu hupita na visikizi masikioni asimsikie mtu, na kweli ana muda mzuri kuliko mimi. Abaki nao.

Kwetu sisi tunaofunga kuna na Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, palepale zilipo mbio za Kilimanjaro kule Moshi. Mwezi huo napunguza kila kitu. Nusu saa ya mwendo mdogo kabla ya magharibi inatosha kushikilia nilichonacho, ukirudi maji yako mezani. Tena nusu saa hiyo naichukua pale tu futari ikiwa mikononi mwa mtu aliyekubali mwenyewe.

Na Moshi yenyewe ni mbali, jamani. Reli ya kati kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata ukiteremka Dodoma ukapanda basi, umekata sehemu kubwa ya nchi. Ada ya kushiriki ndiyo gharama ndogo. Kuna nauli, malazi, chakula, siku za kazi, na yule wa kubaki na watoto. Fedha hiyo katika nyumba nyingi ina majina mengine tayari, mojawapo ni karo. Ningefurahi kuona tunajipimia 21 zetu hapa hapa, kutoka stesheni ya reli hadi Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, na mizunguko ya kukamilisha, tuanze saa kumi jioni, watoto na bibi zao wakae njiani na ndoo za maji. Medali si lazima.

Tatizo jipya ni Baba Zuhura. Tangu anione nimemaliza nusu ya kwanza, amenunua raba, na juzi kaniuliza kama mtu wa umri wake anaweza 42 kamili. Nikamwambia alete ratiba yake mezani, na pembeni ya kila Jumapili aandike jina la mtu. Aliandika "Mama Zuhura" Jumapili zote. Bibi alimwazima kifutio cha mjukuu.