Nguzo Zianze Sifuri, Jamani

Nimetoka kwenye semina moja hapa Chake Chake moyo unaniwaka. Mtoa mada alituwekea ukutani grafu ya nguzo mbili, watu wa Pemba kwa Sensa ya 2022: Kaskazini na Kusini. Nguzo ya Kaskazini ilikuwa ndefu mara tatu ya mwenzake. Ukumbi mzima ukaguna. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe wenzetu wa Wete na Micheweni wengi hivi?"

Si wengi hivyo. Kaskazini Pemba walihesabiwa watu 272,091, Kusini Pemba 271,350. Tofauti ni watu 741; wangeingia wote katika skuli moja.

Nguzo zile hazikuanzia sifuri, zilianzia 271,000. Kaskazini ikabakiwa na 1,091 juu ya mstari, Kusini na 350, na jicho likachukua tatu kwa moja. Ukiwasimamisha watoto wawili wa kimo kimoja nyuma ya ukuta, huyu akatokeza uso mzima na yule paji tu, utasema mmoja ni jitu. Nguzo inasomwa kwa urefu wake wote. Ukiikata chini, umeondoa kile kile ulichomwita mtu aje akitazame.

Nasikia jibu: namba zilikuwa pembeni, mwenye macho angesoma. Sawa, zilikuwepo, kwa maandishi madogo yasiyofika mstari wa pili wa viti. Ukumbini walikuwamo masheha na walimu wakuu, watu wanaoulizwa wapi pajengwe madarasa, wapi pachimbwe kisima. Wametoka na picha, hawakutoka na namba. Kesho mtu atasimama kikaoni aseme Kaskazini wanatuzidi mara tatu, na hatakuwa amesema uongo kwa makusudi. Hilo ndilo linaloniuma.

Tena grafu ile ilificha habari yenyewe! Mwaka 2012 Kaskazini Pemba walikuwa 211,732 na Kusini 195,116. Pengo lilikuwa watu 16,616. Miaka kumi baadaye limebaki 741. Yaani Kusini imekua kwa kasi kuliko Kaskazini hadi karibu kuifikia, na hakuna hata mmoja aliyetoka mle ndani akilijua hilo. Nguzo nne zingetosha: mbili za 2012, mbili za 2022, zote kutoka sifuri, kila moja na namba yake kichwani. Kama tofauti ni ndogo hata haionekani, basi hiyo ndiyo habari, waachwe watu waione.

Grafu ya mstari ina ruhusa yake, nakubali. Joto la mwezi kwa mwezi hulazimiki kulianzisha sifuri, maana pale tunafuata mpando na mshuko. Chati ya duara nayo inafaa vipande vikiwa vichache: Mjini Magharibi peke yake ni kama asilimia 47 ya Wazanzibari wote, na duara lingetuonyesha mara moja. Ila lisilazwe kama sahani iliyoinamishwa, kipande cha mbele kikavimba bure.

Mwanafunzi akichora grafu bila kipimo wala mwaka, mwalimu humkata alama, na ni haki yake. Watoa mada wetu nao waulizwe palepale, kwa adabu, kabla slaidi haijapita: "Samahani ndugu, nguzo zako zimeanzia ngapi?"