Saa zao zikirudi nyuma, usiku wangu ndio unaoliwa

Jamani, hili la saa limenichosha. Mimi nipo Ngamiani, Tanga, wenzangu wa timu wapo Ujerumani, India na California. Kikao cha kila wiki ni saa 4 asubuhi ya California, kwangu saa 2 usiku. Sawa, hapo nimezoea. Lakini ikifika Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma, sisi Tanzania hatugusi saa zetu, na kikao kinasogea hadi saa 3 usiku bila mtu kuniuliza. Ulaya nao wanatangulia, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, basi hapo katikati kuna siku za vurugu tupu. Mwenzetu wa India ndiyo kabisa, anaingia saa 5 na nusu usiku!

Halafu meneja anauliza mbona hatuchangamki. Juzi akatupangia mafunzo Ijumaa saa 7 mchana, wakati mji mzima unaelekea msikitini. Nikamwandikia kwa adabu, akajibu ratiba haibadiliki. Iliniuma sana. Hata pole?

Zamu ya kukesha izunguke: mwezi huu sisi, mwezi ujao nyinyi.