Kabla ya kumpasua mtoto, tutajieni na sindano

Wiki iliyopita dada yangu alipewa fomu aweke saini mwanawe apasuliwe nyonga. Hakuna aliyemwambia kama ipo njia nyingine. Nimekasirika sana.

Kijana huyu amehangaika. Kwanza tuliambiwa ni maumivu ya kukua. Maumivu ya kukua hushika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anacheza. Mpwa wangu alikuwa anachechemea, na kila usiku analia maumivu ya mahali palepale mpaka apewe ibuprofeni. Baadaye ikawa baridi yabisi, kwa sababu nyonga ilijaa maji na eksirei haikuonyesha kitu. CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, ndiyo iliyoumbua: osteoidi osteoma, uvimbe mdogo wa mfupa, kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ugonjwa huu daktari Mmarekani Jaffe aliueleza tangu mwaka 1935. Kuuma usiku na kutulizwa na aspirini ni dalili zake za siku zote!

Si saratani. Kiini chake hakizidi sentimita 2, mara nyingi ni kama punje ya hindi. Ili kukifikia kwa kisu, daktari huondoa na sehemu ya mfupa usio na ugonjwa unaokizunguka, tena mahali panapobeba uzito wote wa mwili. Mfupa unabaki dhaifu, unaweza kuvunjika, na mtoto anatembelea magongo kwa miezi. Lakini mwaka 1992 daktari Rosenthal na wenzake wa Boston, Marekani, walishaandika kuhusu sindano: mtoto analazwa usingizi, CT inaonyesha njia, ncha inaingia kwenye kiini na kupashwa moto hadi nyuzi 90 kwa dakika chache. Tundu dogo tu kwenye ngozi. Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na wengi hawarudii.

Haya, nakubali: kiini kikigusana na neva, moto unaweza kudhuru, na gegedu la kiungo linataka uangalifu. Uvimbe mwingine, kama ule wa seli kubwa, si wa sindano hii. Hapo kisu kina kazi yake.

Ila mzazi aambiwe! CT scan zimefika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na Muhimbili wanafundisha madaktari wa tiba zinazoongozwa na picha. Daktari wa mifupa ampigie simu mwenzake wa radiolojia, yaani wa picha za mwili, kabla ya kuandika tarehe ya upasuaji. Bima nazo zilipie sindano kama zinavyolipia kisu. Dada yangu hajaweka saini, na hataweka mpaka ajibiwe.