Kuzaliwa upya au umwilisho upya?

Ndani ya neno reincarnation, ambalo Waingereza na Wafaransa hutumia kwa imani kwamba aliyekufa hurudi katika mwili mwingine kumejificha nyama. Kilatini huiita caro. Tanguliza in-, ndani, kisha re-, tena, upate kuingia nyamani tena. Imani yenyewe ni ya kale kuliko neno. Wagiriki waliihusisha na mwanafalsafa Pythagoras, wa karne ya 6 KK, ilhali neno la Kifaransa lilienezwa na maandishi ya Allan Kardec, Mfaransa aliyeandika juu ya mawasiliano na roho za wafu, kuanzia 1857.

Sisi wengi husema "kuzaliwa upya", na shida huanzia hapo. Mwambie Mlokole kwamba Wahindu wanaamini kuzaliwa upya, atakuuliza wameokoka lini. Lakini utata huu haukuanza na Kiswahili: katika Yohana 3, Nikodemo akisikia habari za kuzaliwa mara ya pili anauliza kama mzee anaweza kurudi tumboni mwa mamaye.

Wanaopendelea "umwilisho upya" wana hoja. Limejengwa juu ya mwili, kama lile la Kilatini, wala halichanganyiki na wokovu. Ila umwilisho una wenyewe: Wakristo wanalo kwa Neno aliyefanyika mwili, yaani Yesu, tukio la mara moja tu. Kuliongezea "upya" ni kulivunja.

Hata hivyo ningeegemea huko kama si Wabudha. Umwilisho unataka awepo wa kuuvaa mwili. Kwa Wahindu ni sawa. Kitabu chao kitakatifu, Bhagavad Gita (2:22), kinataja mtu anayevua nguo kuukuu na kuvaa mpya. Wabudha wanakana roho ya kudumu. Mfano wao ni taa: unawasha utambi wa pili kwa moto wa ule wa kwanza. Je, kuna kilichohama? Hakuna, na bado wa pili usingewaka bila wa kwanza. Kwao "kuzaliwa upya", lile tulilolilaumu, ndilo linalokaa vizuri, maana halidai kuwa kuna msafiri.

Basi mimi huandika "kurudi katika mwili mwingine" kwa Wahindu na "kuzaliwa upya baada ya kufa" kwa Wabudha. Ni marefu, najua. Kiarabu kina tanasukh, la mzizi mmoja na naskh, yaani kunakili, na Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni na Syria, wana taqammus, kutoka qamis, vazi. Hilo la vazi nalionea wivu.